Kobe Mgonjwa wa Kiritiri Apelekwe Wapi?

Mvua za Machi na zile za Oktoba zinapoanza kunyesha katika nyanda kavu za Mbeere, kobe hutoka walikojificha wakati wa kiangazi na kuanza kutembea wakitafuta majani mabichi. Ndipo watoto waendao shuleni huwakuta njiani. Wengi wa kobe hao ni wazima wala hawahitaji msaada wa mtu yeyote. Hisani wanayoihitaji ni kuachwa waende zao. Lakini hupatikana pia yule aliyepasuliwa gamba na gurudumu la bodaboda, yule aliyeunguzwa na moto wa kusafisha shamba, na yule aliyefugwa uani mwa mtu kwa miezi mingi akilishwa ugali na mabaki ya mkate, hata sasa anatokwa na makamasi puani na macho yamevimba hayafunguki. Mtoto mwenye huruma humbeba mnyama huyo mpaka shuleni na kumkabidhi mwalimu. Naye mwalimu, ambaye watoto na wazazi wao humdhania kuwa anajua kila kitu, hujikuta mbele ya swali ambalo safu hii inataka kuliuliza hadharani: ampeleke wapi?

Tutazame yaliyopo. Kiritiri ni mji wenye soko, wenye ofisi za serikali za Mbeere Kusini, na wenye maduka ya dawa za mifugo ambayo kila mtu huyaita agroveti. Eneo linalouzunguka ni la mbuzi, ng'ombe wa kienyeji, ndengu, mtama na, siku hizi, muguka. Katika sehemu hiyo hiyo ya Mbeere, mahali mto Thiba unapokutana na Tana, ipo Hifadhi ya Taifa ya Mwea, iliyotangazwa rasmi mwaka 1976, yenye askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Ukiingia Kirinyaga utakuta chuo cha Ndomba kinachowafunza maafisa wa afya ya mifugo. Ukifika Nairobi, hapo Kabete, ipo shule kongwe ya udaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hiyo si kweli kwamba eneo hili halina elimu ya wanyama karibu nalo. Hata hivyo, mwalimu wetu akizunguka na kobe wake ndani ya katoni, atagundua kwamba milango yote hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine.

Mlango wa kwanza, kwa kuwa ndio ulio karibu, ni agroveti. Muuzaji wa duka hilo aghalabu ni mtu wa msaada mkubwa kwa wafugaji, na akiulizwa atatoa kile anachokijua. Mnyama amedhoofu, hali, na mapajani amejaa kupe. Kwa jicho la mtu aliyezoea mbuzi, hapo hapana fumbo: ni minyoo na kupe, na dawa inayoondoa yote mawili kwa sindano moja ni ivamektini, ambayo ni nadra kuikosa katika agroveti yoyote ya nchi hii. Hatuibezi dawa hiyo. Imewaokoa mifugo wasiohesabika, na hata binadamu wenye upofu wa mtoni. Wagunduzi wa asili yake, William Campbell na Satoshi Omura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na walistahili. Lakini kwa kobe dawa hiyo ni sumu.

Huu si uvumi wa vijiweni. Mwaka 1983 watafiti wawili, Teare na Bush, walichapisha nchini Marekani matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa aina kadhaa za kobe, akiwemo kobe mwenye madoa kama ya chui, ambaye ndiye kobe mkubwa wa nyanda zetu. Walionyesha kwamba ivamektini humlegeza kobe viungo, humpooza na huweza kumwua, na kwamba huyu wa madoa ya chui ni miongoni mwa wale wanaodhurika upesi zaidi. Ng'ombe hupewa mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake na huendelea kutafuna. Kobe huweza kupooza kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Naye hafi papo hapo. Hulala shingo imenyooka, hawezi kurudisha kichwa ndani ya gamba, na misuli ya kumsaidia kupumua huchoka polepole, huku watoto wa shule wakiamini kwamba sasa amepumzika kwa sababu amepata dawa. Zaidi ya miaka 40 imepita tangu matokeo hayo yachapishwe. Katika vitabu vya waganga wa wanyama watambaao ni somo la mwanzo kabisa. Katika maduka yetu mtu hana njia ya kulijua, maana karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa huzungumza habari za ng'ombe na kondoo, na muuzaji hana sababu ya kuwaza kwamba siku moja ataletewa mgonjwa mwenye gamba.

Tumeutaja mfano huu kwa kirefu kwa sababu unaonyesha tofauti iliyopo kati ya huruma na utaalamu. Mwili wa kobe haufuati desturi za mwili wa mbuzi. Kobe hana ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo hawezi kukohoa kama tukohoavyo sisi. Uchafu ukiingia mapafuni hubaki humo. Kile ambacho mwanafunzi anakiita mafua ya kobe, vile viputo vidogo puani na mdomo ulioachama, huenda kikawa tayari ni homa ya mapafu iliyokomaa. Isitoshe, kobe hajitengenezei joto, hulitafuta juani. Akiwekwa usiku kucha kwenye sakafu ya saruji ya ofisi ya mwalimu mkuu, damu yake hupoa, kinga ya mwili hulala, na hata dawa iliyo sahihi haisambai inavyotakiwa. Daktari anayewajua wanyama hawa huanza kwa kumpasha mgonjwa joto na kumrudishia maji mwilini, ndipo afikirie sindano. Na sindano yenyewe wengi wao huichoma kwenye mguu wa mbele, kwa kuwa damu ya miguu ya nyuma huweza kupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka mwilini. Ipo dawa ya kuua bakteria, seftazidimu, ambayo kwa kobe huchomwa mara moja kila baada ya siku 3, kwa sababu mwili wake huitumia polepole mno. Mtu aliyezoea kumdunga ng'ombe kila asubuhi atamlimbikizia kobe dawa mwilini.

Gamba nalo lina hadithi yake. Wengi hulidhania kuwa ni nyumba ambayo kobe anaibeba, kama konokono wa vitabu vya picha. La hasha. Gamba ni mifupa yake mwenyewe, ni mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana na kufunikwa kwa tabaka gumu kama kucha. Lina damu na lina mishipa ya fahamu. Kobe aliyekanyagwa na pikipiki amevunjika mifupa na anasikia maumivu. Fundi mwenye nia njema akija na gundi na kuuziba ufa bila kuusafisha, amewafungia bakteria ndani. Mpasuko wa namna hiyo huoshwa, huachwa wazi kwa siku kadhaa chini ya kitambaa safi, kisha vipande hushikizwa pamoja kwa ustadi, na kupona kwake huchukua miezi mingi, pengine hata mwaka na zaidi. Na yale macho yaliyovimba? Huenda ni upungufu wa vitamini A, huenda ni maambukizi. Na vitamini hiyo hiyo ikizidishwa kwa sindano humfanya kobe abambuke ngozi. Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai, na twathubutu kusema kwamba walikuwa wamemtazama kobe vizuri kuliko sisi tunaokimbilia bomba la sindano.

Basi tuseme mwalimu wetu ni mwerevu, ameukataa ushauri wa dukani, na anataka mtaalamu. Hapo anakutana na sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamkataza mtu kumweka mnyamapori bila kibali, na adhabu zake si za mchezo. Twaiunga mkono sheria hiyo, kwani bila yake kobe wa Mbeere wangekuwa tayari wamesafirishwa kwenye masanduku kwenda kuuzwa ng'ambo. Lakini tazama inavyomfanya mtu aliyeokota mgonjwa. Akimweka shuleni wiki mbili, yuko upande mbaya wa sheria. Akipanda naye matatu kwenda Kituo cha Wanyama Mayatima cha Nairobi, kile kilichofunguliwa mwaka 1964 kando ya lango kuu la mbuga, huenda akalazimika kujieleza kwenye kizuizi cha polisi kabla hajavuka Tana. Wapo wanaomwacha kobe afe kichakani, na si kwa ukatili: wanaogopa kuonekana wakimsaidia.

Katiba ya 2010 nayo imeligawa jambo hili mapande mawili. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa kazi ya kuwalinda wanyamapori. Jedwali hilo hilo linazipa kaunti udhibiti wa magonjwa ya mifugo, na pia udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika. Kobe mgonjwa ni mnyamapori, kwa hiyo ni wa KWS. Ni mnyama anayehitaji kutunzwa, kwa hiyo anaihusu kaunti. Kazi ya watu wawili ambayo haikukubaliwa kwa maandishi kwa kawaida haifanywi na yeyote. Daktari wa mifugo wa kaunti atasema, kwa haki, kwamba mamlaka yake ni juu ya mifugo. Askari wa Mwea atasema, kwa haki pia, kwamba yeye ni askari, si tabibu. KWS ina madaktari wake hodari, na vipo vikosi vya tiba vinavyozunguka, kimojawapo katika eneo la Meru, vinavyofanya kazi kwa ushirikiano na wakfu wa Sheldrick. Watu hao wamewatoa ndovu mitego ya nyaya na wamewatibu vifaru waliojeruhiwa kwa risasi, na taifa lina deni kwao. Lakini hakuna mtu wa akili timamu anayetarajia helikopta itumwe Kiritiri kwa ajili ya kobe. Tusifichane: katika nchi hii uzito wa mnyama hupimwa kwa idadi ya magari ya watalii yanayosimama kumpiga picha.

Hali hii ina historia, na wanafunzi wanapaswa kuijua. Utaalamu wa tiba ya wanyama katika Afrika Mashariki ulizaliwa kwa ajili ya uchumi. Maabara ya Kabete ilipata jina duniani kwa kuchunguza maradhi yaliyowaua mifugo. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza na Montgomery mwaka 1921 kutokana na vifo vya nguruwe wa hapa Kenya. Baada ya uhuru serikali iliwasomesha madaktari wa mifugo na kuwaajiri wote, na mfugaji wa Mbeere aliweza kumwona afisa wa mifugo pale joshoni bila kufungua mfuko. Mwaka 1988 ajira hiyo ya moja kwa moja ilisimamishwa, na katika miaka ya 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, tiba ya mifugo iliachiwa soko. Majosho mengi yakakauka. Daktari aliyejiajiri akafuata mahali penye ng'ombe wa maziwa na fedha, yaani nyanda za juu penye chai na kahawa, na nyanda za chini zikaachiwa agroveti. Ikiwa mbuzi wa Kiritiri mwenyewe amekuwa akingoja daktari tangu wakati huo, si ajabu kobe hana hata nafasi kwenye foleni.

Hapa ndipo msomaji mwenye busara atatukatiza. Atasema kwamba katika nyanda hizo hizo kuna mama anayetembea mwendo mrefu kufika zahanati, na mtoto anayesoma bila dawati. Je, si anasa kuzungumza habari za tabibu wa kobe? Hoja hiyo ni nzito, na tusingependa kuipita kwa dhihaka. Lau tungekuwa tunaomba hospitali, ingetushinda. Tunachoomba ni elimu ya saa chache, namba moja ya simu na karatasi moja yenye sahihi mbili, na hakuna kati ya hayo kinachoweza kumnyang'anya mama huyo kidonge. Tena serikali yenyewe ndiyo iliyosema kwamba kobe si mali ya yule anayemwokota. Anayedai kumiliki mnyama hukubali pamoja naye gharama ya ugonjwa wake.

Lipo pia jambo ambalo mfugaji atalielewa upesi kuliko mhifadhi. Kupe wanaomng'ang'ania kobe mapajani na shingoni si wageni wasio na maana. Mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingizwa kwa kobe wa madoa ya chui na aina nyingine mbili za Afrika, baada ya kupatikana huko Florida, katika shehena ya kobe waliotoka Zambia, kupe waliobeba vijidudu vya ugonjwa wa maji moyoni. Ugonjwa huo huua ng'ombe, kondoo na mbuzi, na ni wa kwetu tangu kale. Taifa tajiri lilitetemeka kwa kupe wachache waliosafiri juu ya gamba. Sisi tunaoishi na kobe, kupe na mbuzi katika kichaka kimoja hatuna mtu anayewatazama wote watatu kwa pamoja. Hatusemi kobe achukiwe kwa ajili hiyo. Mbuzi hupata kupe wengi zaidi kwa mbuzi wenzake na kwa nyasi za malishoni. Tunasema tu kwamba afisa wa mifugo akijua kumshika kobe, kumtoa kupe kwa mkono bila kumwogesha dawa ya josho, na kuwatambua kupe hao, atakuwa amejifunza jambo lenye faida zizini.

Na yasemwe pia yale yanayowezekana, maana magazeti yetu hupenda kulia tu. Huko Watamu, katika Kaunti ya Kilifi, wapo wanaowatibu kasa, ndugu wa kobe aishiye baharini. Kazi hiyo ilianza mwaka 1997, na leo inafanywa na shirika la Local Ocean Conservation. Mvuvi akimnasa kasa wavuni, au akimkuta akielea asiweze kuzama kwa sababu tumbo limejaa plastiki na hewa, hupiga simu. Mtu huja kumchukua. Kasa hutiwa kwenye tangi, hutibiwa, hulishwa, na akipata nafuu hurudishwa baharini. Kilichotupendeza zaidi katika mpango huo si matangi wala dawa. Ni kwamba mvuvi asiye na cheti chochote anajua namba ya kupiga, anajua kwamba simu itapokelewa, na anajua kwamba hatakamatwa kwa kuwa na kasa mikononi. Kabla ya kupata hakika ya mambo hayo matatu, mtu hawezi kumwokoa mnyama hata akiwa na moyo wa dhahabu. Pwani imeweza. Bara, tulio na kobe na tusio na bahari, hatujaanza.

Inashangaza zaidi ukikumbuka jinsi Wakenya wanavyojivunia kobe mmoja. Baada ya ile tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyepewa jina la Owen alipelekwa Haller Park, Mombasa, akajiegemeza kwa kobe mkubwa aitwaye Mzee, na dunia nzima ikatokwa na machozi. Vitabu viliandikwa, watoto wa shule wakavisoma. Mzee alikuwa kobe wa asili ya Aldabra, mgeni kutoka visiwa vya Bahari Hindi. Wenyeji wetu hawajapata mwandishi.

Miongoni mwa wenyeji hao yumo kobe bapa, yule mwenye gamba laini lililolala kama chapati, ambaye akiona hatari hujipenyeza katika nyufa za miamba na kujikaza humo. Anaishi Kenya na Tanzania hasa. Ng'ambo ya Tana, huko Nguni na Nuu katika Kaunti ya Kitui, amechunguzwa na Patrick Malonza wa Makavazi ya Taifa, aliyechapisha matokeo yake mwaka 2003. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati. Mwaka 2019 aina hii iliwekwa katika daraja la juu kabisa la mkataba wa CITES, ambalo linazuia biashara ya kimataifa, na mwaka huo huo ikatajwa kuwa imo hatarini mno kutoweka. Kwa mnyama anayetaga yai moja moja, jike mmoja mzima anayekufa kwa sindano isiyo yake ni hasara ambayo kijiji hakiwezi kuifidia upesi.

Wapo watakaoshauri njia ya mkato: mrudishe kichakani, Mungu atamponya. Kwa kobe mzima ushauri huo ni sahihi, tena arudishwe palepale alipookotwa. Kwa kobe mgonjwa aliyekuwa amefugwa, ni hatari kwa wenzake. Katika jangwa la Mojave, huko Marekani, kobe wa porini walianza kuugua mafua yasiyopona mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1990 wakaorodheshwa kuwa wanyama walio hatarini. Kijidudu chake kilikuja kutambuliwa baadaye, na wataalamu walishuku kwamba kobe waliofugwa majumbani kisha wakaachiliwa jangwani walichangia kukieneza. Waliowaachilia walidhani wanatenda hisani.

Kwa hiyo twasema hivi kwa wakubwa wanaohusika. Mkurugenzi wa huduma za mifugo katika Kaunti ya Embu na msimamizi wa KWS katika eneo hili wakutane, waandikiane makubaliano mafupi: kobe mgonjwa apokelewe wapi kati ya Kiritiri na Embu, na nani, akae siku ngapi kabla ya kupelekwa mbele, na anayemleta apewe stakabadhi inayomlinda kisheria. Vyuo vya Ndomba na Kabete viingize katika mafunzo yao kipindi cha wanyama watambaao, hata kama ni asubuhi moja katika muhula. Bodi ya Madaktari wa Mifugo, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011, huwadai wanachama wake waendelee kusoma baada ya kuhitimu. Somo hili lingefaa sana. Na katika kila agroveti ya Mbeere kibandikwe kikaratasi karibu na rafu ya dawa za minyoo, kisemacho kwamba ivamektini haipewi kobe. Gharama ya kikaratasi hicho ni ya wino.

Kwenu walimu na wanafunzi, hatuwaombi mgeuke waganga. Twawaomba mjue yale ya saa ya kwanza, yasiyohitaji leseni. Kobe abebwe kwa mikono miwili, sambamba na ardhi, asipinduliwe. Akitishika hukojoa, na mkojo ule ni akiba ya maji aliyojiwekea kwa ajili ya kiangazi. Awekwe kwenye katoni lenye nyasi kavu, mahali pa kivuli chenye joto, mbali na mbwa na mbali na umati wa darasa la nne. Kama hana jeraha la kupasuka, awekwe kwa dakika chache kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyomfika kidevuni, na mara nyingi atakunywa mwenyewe. Maziwa, mkate na ugali visimkaribie. Mahali alipookotwa paandikwe kwa usahihi, mto au mwamba au mti, kwa sababu bila hapo hatajulikana arudishwe wapi. Apimwe kwa mizani, na uzito uandikwe. Daktari yeyote atakayemwona baadaye, hata kwa simu, hawezi kukisia dozi bila namba hiyo. Kisha ofisi ya KWS iarifiwe siku hiyo hiyo, na jina la aliyeipokea simu liandikwe pia. Na kila aliyemshika anawe mikono kwa sabuni, maana kobe huweza kubeba salmonela bila yeye kuugua. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kasa na kobe wadogo mwaka 1975 kwa ajili ya watoto waliokuwa wakiambukizwa.

Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968, na walioviasisi walikuwa wanafunzi. Shule nyingi bado zina klabu, ingawa mara nyingi kazi yake imebaki kuwa safari moja ya basi kwenda mbugani kila mwaka kuwatazama simba. Klabu ya shule ya Mbeere ina kazi nyingine mlangoni pake. Ianze kuweka daftari la kobe: tarehe, mahali, hali ya gamba, pua na macho, na kilichompata baada ya simu kupigwa. Mwisho wa muhula nakala ya daftari hilo ipelekwe kwa afisa wa mifugo mjini Kiritiri, nyingine kwa KWS, na nyingine kwa mwakilishi wa wadi. Makubaliano tunayoyadai yakikosa kutiwa sahihi, wenye ofisi watakuwa na orodha mezani ya kobe waliokufa wakati wa kungoja.